Matunda Niliyosema Yanaliwa

Mwanangu Ndeshi,

Mama yako na shangazi yako Martha wako jikoni wanabishana kama ndizi zitafika Mbeya zikiwa mbichi au zitaiva njiani. Wewe umepanda kuwaaga majirani wa juu, mdogo wako Eli amekusindikiza, na ninavyowajua watu wa juu hawatawaachilia mpaka mle kwenye kila nyumba. Kwa hiyo nina nafasi. Nimechana karatasi kwenye daftari la zamani la Eli, nimekaa mezani, na jua bado halijazama.

Habari za blanketi, soksi, cheti cha kuzaliwa na kutomwachia mtu begi stendi, mama yako ameshazisema mara nne, nami nimezisikia mara zote nne. Nazipita. Nakuandikia kwa sababu ya jambo nililolisikia leo saa kumi nikiwa nyuma ya banda la ng'ombe. Nimeshtuka, mwanangu. Nimeshtuka mpaka nikakaa chini juu ya majani niliyotoka kuyakata, na ng'ombe wakabaki wananiangalia wakingoja chakula chao.

Ulikuwa uani unakunja nguo. Tumaini, yule mjukuu wa shangazi yako, akatoka mbio kwenye migomba, shavu limejaa na mkono umefumbata vitu vyekundu. Akasema, "Dada Ndeshi, na wewe unataka?" Nilikuona kwenye pengo la mbao. Uliangusha shuka vumbini, ukamshika taya, ukamtia kidole mdomoni, ukampiga mkono mpaka vile vitunda vikaruka. Mtoto wa miaka minne akaangua kilio, nawe unapiga kelele, "Tema! Tema yote! Nani kakwambia yanaliwa?"

Zilikuwa kahawa mbivu. Kahawa, Ndeshi! Hakuna mtoto aliyekulia Masama ambaye hajanyonya kahawa mbivu wakati wa kuchuma, na wewe ulikuwa bingwa. Shangazi yako, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Hata Mbeya hajafika, kahawa keshaisahau!" Mimi nami kule nyuma nilianza kucheka.

Halafu ukamjibu. Nayaandika maneno yako kama nilivyoyasikia: "Shangazi, mimi nilimlisha mdogo wangu sumu. Toka siku ile sijawahi kumpa mtoto wa mtu chakula kwa mkono wangu. Unadhani kwa nini naenda kusomea uuguzi?"

Shangazi yako akainama kuokota lile shuka. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Miaka kumi na mbili tumeishi nyumba moja na sikujua. Nilidhani umesahau, ulikuwa na miaka saba tu. Sasa nakaa hapa nakumbuka vitu kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinanipiga upya. Kila Desemba ndugu wanaporudi nyumbani na watoto wao, wanawake wakikuambia umlishe fulani uji, unakumbuka ghafla kwamba maji yameisha. Nilikuita mvivu kwa hilo. Nilikuita mvivu mbele ya watu. Kwenye sikukuu ya watoto kanisani ulikubali kugawa kalamu, biskuti ukamwachia mwenzako. Na mwaka huu ulipochagua kusomea uuguzi Mbeya, nilitembea kijiji kizima nikijisifu kwamba moyo wa kusaidia watu umeurithi kwangu. Naona aibu hata kuliandika.

Sasa nisikilize, maana hakuna mtu mwingine hapa kijijini anayekijua ninachotaka kukuambia. Hukumpa Eli yale matunda kwa akili yako. Mimi ndiye niliyekwambia yanaliwa. Mimi ndiye niliyekwambia umpe.

Nitakueleza ilivyokuwa, na sitajipamba.

Unanijua mimi wa sasa, mwenye goti bovu, ninayezunguka na ng'ombe wawili. Wakati ule nilikuwa napandisha wageni mlimani, na nilikuwa hodari kweli. Lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja: neno "sijui" lilikuwa halipiti kooni mwangu. Mgeni akiuliza jina la ndege, nalitaja. Akiuliza jina la ua, nalitaja. Nikiwa silijui, nalitunga hapo hapo. Kuna mmea mmoja kule juu msitu unapoishia niliupa jina la babu yangu, na nadhani kuna Wazungu huko kwao wanalitaja mpaka leo kwa heshima zote. Niliporudi nyumbani nilikuwa nasimulia hayo, watu wanacheka, nami naona kwamba hiyo ndiyo akili.

Ule uzio uliokuwa kando ya njia ya kuingilia kwetu, wenye maua ya zambarau na vitunda vya njano vinavyoning'inia kama shanga, niliuleta mimi. Niliuona Moshi mjini kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, baba wa kijana niliyempandisha mlimani. Nikausifia, na mama mwenye nyumba akaniita bustanini akanikatia vipande mwenyewe, akavifunga kwenye gazeti lenye maji. Wakati ananipa alianza kuniambia kitu. Alisema, "Lakini kama una watoto wadogo nyumbani..." Nikamjibu, "Najua, mama, najua." Sikumwacha amalize. Mama wa watu akadhani kweli najua.

Fikiria hilo kidogo, Ndeshi. Mtu alikuwa ananipa jibu bure, mlangoni kwake, na mimi nikalifunga mdomo.

Na hapa kwetu kosa kama hilo ni kubwa kuliko mahali pengine. Kila kilichomo kihambani, kwenye shamba hili la urithi linalozunguka nyumba, kiliwekwa na mtu aliyekijua. Migomba, kahawa, magimbi, mnavu, mpaka mti wa kivuli ulioegemea choo, babu yako aliujua jina na kazi yake, na baba yake alimwonyesha. Ndiyo maana watoto wetu huokota na kutafuna kihambani bila hofu, na sisi wakubwa hatuinui hata kichwa. Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo huu kupanda kihambani kitu ambacho hata jina lake sikulijua. Nilikipanda kwa sababu kilipendeza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama yako alikwenda sokoni. Nilikuwa nimeshuka mlimani jana yake, nimekaa uani na wazee wawili majirani na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nasimulia. Ukaja na Eli umemshika mkono. Mkono wa pili umejaa vile vitunda vya njano. Uliamkia wazee kwanza, shikamoo, shikamoo, halafu ukaja mpaka kwenye goti langu ukafungua kiganja. "Baba, haya yanaliwa?"

Jirani mmoja akasema, "Umefika kwenyewe. Baba yako anajua mlima mzima."

Nilivitazama. Sikujua. Nakuambia ukweli wa Mungu, nilijua kwamba sijui. Lakini wale wazee walikuwa wananitazama, na asubuhi yote nilikuwa nimewatajia mimea na ndege kama mtu aliyeviumba. Nikaona ndege wawili kwenye ule uzio wanadonoa, nikashukuru, nikasema, "Si unaona ndege wanakula? Yanaliwa. Mpe na mdogo wako." Nikaendelea na hadithi yangu.

Nilikuwa nimekufundisha kwamba mkubwa humpa mdogo kwanza. Ukampa Eli kwanza. Ukampa vyote alivyotaka, naye ni mlafi tangu kuzaliwa, na vilivyobaki ukavitia mfukoni kwenye sweta lako la shule. Ndiyo maana wewe hukuugua. Heshima niliyokufundisha ndiyo iliyokuokoa, na mdomo wangu ndio uliomlaza ndugu yako.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ndege si kipimo. Mbuzi si kipimo, nyani si kipimo, wala utamu si kipimo. Tumbo la ndege ni la ndege. Lakini siku ile ndege wawili walinitosha.

Wale wazee walikuwa wameshaondoka Eli alipoanza kuyumba. Nilidhani anacheza. Kisha nikaona midomo imevimba, mwili wa moto, na mboni za macho zimekuwa kubwa mpaka macho yote yakawa meusi. Nikamnywesha maziwa, ndivyo tunavyofanya, akayatapika yote. Akaanza kukakamaa mikononi mwangu. Sijawahi kuogopa vile hata kwenye barafu. Nikambeba, nikakimbia kwenda zahanati. Sikukuambia unifuate. Sikukumbuka hata kama upo.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama mmoja mfupi, mkali. Alimlaza Eli, akamfunua macho, akaniuliza, "Amekula nini?"

Na mimi, mtu ambaye "sijui" ilikuwa haipiti kooni, nikasema, "Sijui."

Siku zote nilisema najua mahali nisipojua. Mahali pekee nilipojua, nikasema sijui. Alipouliza mara ya pili nikasema, "Labda ni homa tu." Akamtoboa kidole apime malaria. Ndeshi, nilisimama pale nikimwangalia akifanya kipimo cha malaria huku mwanangu anakakamaa kitandani, na nilijua. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa nawaza wale wazee wawili. Nilikuwa nawaza watasema nini.

Ndipo mlango ukasukumwa. Ulikuwa umekimbia njia nzima peku, goti linatoka damu. Ukapita mbele yangu, ukaenda mpaka kwa yule muuguzi, ukatoa mkono mfukoni, ukafungua kiganja. Vitunda vimepondeka, lakini vinatambulika. Ukasema, "Amekula haya."

Muuguzi akauliza, "Nani alimpa?"

Ukasema, "Mimi." Halafu ukageuka ukanitazama.

Ulinitazama, mwanangu. Ulikuwa unangoja niseme. Nami nikatazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji, ina ufa kutoka mlangoni mpaka kwenye mguu wa kitanda, naweza kuuchora mpaka leo. Nilipoinua macho, ulikuwa umeshaacha kunitazama, na nadhani ni hapo hapo ulipoanza kuamini kwamba ni wewe.

Yule mama aliacha malaria yake. Alipiga simu, akatafuta gari, tukashushwa hospitali mjini nyuma ya pikapu ya ndizi, vile vitunda vyako vimefungwa kwenye pamba mkononi mwangu. Daktari alivipokea, akavigeuza, akataja jina refu ambalo sikulishika. Siku ya tatu Eli akaomba chai na mkate. Siku hiyo daktari aliniita pembeni akaniambia, "Aliyeleta haya matunda ndiye aliyetuokolea muda. Bila hayo tungekuwa bado tunabahatisha." Akaniuliza ni nani. Nikasema ni dada yake. Akasema, "Mpongeze kwa niaba yangu."

Sikukupongeza. Salamu hizo nimekaa nazo miaka kumi na mbili.

Mama yako, aliyetufuata hospitali, alipoturudisha nyumbani aliuliza swali moja tu: "Nani aliwaambia yanaliwa?" Nilijibu neno moja. "Watoto." Yaani mliamua wenyewe. Ulikuwa umesimama pale na kikombe cha Eli mkononi. Kesho yake niliung'oa ule uzio wote nikauchoma, na watu wakasema, tazama baba anayejali. Nikapanda masale, ile mimea yetu ya mipaka, mahali pake, hayo unayoyaona sasa.

Halafu hadithi ikageuka mzaha, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Unajua Krismasi zetu. Ndugu wamejaa, mbuzi amechinjwa, na kabla nyama haijaiva vizuri lazima atokee mmoja aseme, "Ndeshi asigawe nyama, atatumaliza!" Wote kicheko. Nawe ulikuwa unacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu kila waliporudia hivyo, mimi nilizidi kuwa salama. Mmoja wa wale wazee wawili alifariki. Wa pili alihamia Chekereni kwenye mpunga na hajawahi kupanda tena huku. Alipohama nilimsaidia kupakia mizigo, na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kwa hiyo niliposikia leo sauti yako ikisema "nilimlisha mdogo wangu sumu", nilishtuka mara mbili. Kwanza kwamba umeubeba mzigo huu peke yako muda wote huo. Pili kwamba nilikuwa mlango wa pili, napajua pa kuutua, na nilikuwa napita tu na ndoo ya maziwa.

Kesho alfajiri mzee wa kanisa atakuja na majirani kukuombea kabla hamjashuka stendi. Ataomba baba aseme neno. Mwaka jana, alipoagwa binti wa jirani, baba yake aliongea dakika ishirini juu ya maadili, na wewe ulinikanyaga mguu nisicheke. Mimi sitasema maadili. Nitasimama niseme hayo niliyoandika hapa, mbele ya mama yako, mbele ya Eli, mbele ya shangazi yako na kila aliyewahi kusema usigawe nyama. Nakuandikia kwanza ili usishtuke mbele za watu kama nilivyoshtuka mimi leo. Mama yako nitamwambia usiku huu. Atanifanya nini? Hilo kwa kweli sijui.

Nilikwenda kwenye masale jioni hii na kisu. Wewe ni mtoto wa huku, unajua maana yake: mtu akikuletea jani la isale, hata kama alikuumiza moyo, huwezi kukataa kumsamehe. Nilishika jani moja zuri, nikataka kulikunja ndani ya barua hii. Kisha nikaliacha. Ningekuletea lile jani, ningekuwa nakuamulia tena kitu kisichokuwa changu kuamua. Nimeliacha kwenye mti. Ukiona vema siku moja, utalikata mwenyewe kuonyesha umenisamehe, na usipoona vema, litabaki pale na mimi nitalipita kila siku nikienda kukata majani ya ng'ombe.

Jambo moja tu la kazi yako, halafu nanyamaza. Ipo siku ataletwa mtoto kwenye zamu yako, anakakamaa, na baba yake amesimama hapo amevaa shati zuri. Utamwuliza mtoto amekula nini, naye atakuambia hajui. Usipoteze muda naye. Angalia mlangoni. Angalia kama kuna mtoto mwingine amesimama pale peku, mkono mfukoni. Mwite kwa upole, na akishafungua kiganja, kabla hujafanya kitu kingine chochote, mwambie asante.

Mimi sikukuambia. Asante, Ndeshi. Ulikuja kuuliza kabla hujampa, na niliyekudanganya ni mimi. Ulikuja kusema ukweli mahali nilipouficha, na Eli yu hai kwa sababu ya mkono wako huo huo unaouogopa.

Baba yako.

Tumaini ameingia sasa hivi, bado ana kinyongo, ameweka kahawa mbivu nne juu ya karatasi hii na kusema ni za dada Ndeshi. Tatu nimezikunja ndani. Ya nne niliila mimi kwanza. Zinaliwa.